Kombe Zetu Zifike Jikoni Zikiwa Hai

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Kilimo, Doña Amparo Villota; Padre wetu; walimu, wazazi na watoto wa Boca Honda: tumsifu Mungu aliyekuvusha salama kwenye mlango wa mto, maana leo mawimbi hayakuwa na adabu.

Risala hii tumeitunga sote. Mimi Eufrosina Landázuri, mjane, nimepewa kuisoma kwa sababu wenzangu wanasema sauti yangu imezoea kusalisha rozari.

KARIBU

Viatu vyako vimeshaingia tope, Mheshimiwa. Usijali, hapa hakuna aliyewahi kuondoka navyo vikiwa safi.

TULIKOTOKA

Sisi ni waokota kombe, hizi za magamba mawili zinazojificha topeni. Maji yakitoka tunaingia mikokoni, tunatia mikono topeni kati ya mizizi, huku moshi wa makumbi ya nazi ukitufukuzia mbu. Kwa kombe tumelea watoto, na wengine wetu tumezika waume tukaendelea. Lakini shuleni watoto haohao walilishwa samaki wa kopo kutoka mbali, kwa sababu sera ya chakula ya taifa ilitaja kuku, yai na kopo. Vya baharini vibichi havikutajwa.

Wizara ilipotuita mezani, pamoja na wavuvi na walimu, tulikwenda tumenuna. Bwana mmoja wa elimu alisema samaki wetu wana miiba, mtoto atakabwa. Nidia Estupiñán, mpishi wa shule, akamjibu, "Baba, watoto wetu huanza kutema miiba hata meno hayajatimia." Yule bwana akacheka, nasi tukacheka, na kuanzia hapo tukazungumza. Tuliachana tukiwa tumekubaliana kwamba shule yetu ijaribu kwanza kupika kombe.

TULIPOSHINDA

Siku ya kwanza ya jaribio tuliharibu wenyewe. Kwetu mgeni hupewa kombe kubwa kuliko zote, basi kwa kujivuna tukapeleka zile zilizozeeka. Watoto wakatafuna, wakatafuna, wakatema. Binti mmoja akamuuliza Nidia, "Shangazi, hii umeipika au umeishona kama kiatu?"

Bi. Lorena Pachón, mtaalamu wa lishe kutoka Bogotá, angeweza kuandika kwamba kombe zimeshindwa na safari yake imekwisha. Badala yake aliingia jikoni akauliza nyumbani tunawapikia watoto zipi.

"Za kati," Nidia akasema. "Hizi ni za wageni."

"Basi, dada, wapikie kama wako. Mgeni ni mimi."

Wali wa nazi na kombe za kati uliofuata haukubaki hata ukoko. Tangu hapo kombe kubwa tunaziacha topeni zizae, na ndogo tunazirudisha zikue. Usishangae basi sahani yako ikiwa na za kati. Hatujakudharau, tumekufanya wa nyumbani. Mwalimu anatuambia siku za kombe hakuna anayekosa darasa, na kijana mmoja aliyekuwa akiumwa kila Ijumaa amepona kabisa.

Na leo, Mheshimiwa, sera mpya ya chakula ya taifa imetaja samaki, kamba, kaa na kombe kuwa chakula cha shule za pwani. Padre alipotusomea ukurasa ule kanisani, mabibi walisimama wakapiga ngoma mpaka mishumaa ikazimika. Tulikuwa watu wa matope. Sasa tumo ndani ya sera ya nchi, na hatukuingia kwa kubebwa, tuliingia kwa kukaa na kusemezana.

KINACHOTUBANA

Rasimu ya kanuni inayofuata sera hiyo inataka kila cha baharini kifike shuleni kimegandishwa. Umeme wetu huja unapopenda. Ikipita hivyo, Januari shule zikifunguliwa, jina la kombe litabaki kwenye sera, lakini sufuriani zitaingia za kampuni zenye majokofu. Sisi tutakuwa tumepigania mlango ili wapite wengine.

Hatudharau usafi. Maradhi ya tumbo tunayajua, yametuulia watoto. Ndiyo maana tulikaa tena na Bi. Lorena na bwana afya, tukaafikiana: maji ya mikokoni yapimwe, kombe ziokotwe siku ileile ya kupikwa, zifike jikoni zikiwa hai, na isiyofunguka kwenye moto itupwe.

OMBI LETU

Tunaomba kanuni iseme "zilizogandishwa au zilizo hai." Tunaomba pia meza ile ya mazungumzo isivunjwe. Waiteni na wanawake wa mito mingine, nao wana ya kusema.

Jioni maji yakijaa, boti itakuondoa. Kesho yakitoka, sisi tutashuka mikokoni kama kawaida. Tunachotaka kujua, Mheshimiwa, ni kwamba tukipanda na vikapu, mlango wa jiko la shule bado uko wazi.

Bikira Maria wa Karmeli akufunike kwa vazi lake njia nzima, akufikishe kwa watu wako ukiwa mzima, na mkono utakaoitia kanuni sahihi Mungu aujalie baraka.

Ni sisi,
Akina Mama Waokota Kombe wa Boca Honda