Mwalimu Chepkemboi na Wanaume wa Menjo

Wachungaji, wazee wetu, ndugu na marafiki, mimi ni Kiptanui, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya kwa maneno machache kuliko yangu.

Mwalimu Janeffer Chepkemboi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Merigi, Bomet Mashariki, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Chepyegon na Mama Jerusa ambaye tumeketi naye hapa. Alisoma shule ya msingi papo hapo Merigi hadi 1988, akamaliza sekondari mwaka wa 1992, na mwaka wa 1996 akapata diploma ya ualimu.

Alianza kufundisha Londiani mwezi wa Januari 1997, na akiwa huko alifunga ndoa kanisani na Benard, tarehe 18 Desemba 1999, Mungu akawajalia Nelvine, Chelimo na Kiplimo.

Mwaka wa 2009 alihamishiwa shule ya upili upande wa Kabianga, akapewa idara ya ushauri nasaha. Alikuta shule inategemea siku moja tu kwa mwaka ya kuonya juu ya dawa za kulevya, mgeni anakuja na bangi ya kuwaonyesha wanafunzi, anafoka, anapigiwa makofi, na mwaka mmoja mgeni huyo alirudi kwao na bangi pungufu. Dada alicheka, kisha akakasirika, maana mwongozo wa serikali wa kuzuia dawa za kulevya na vurugu shuleni ulikuwa kabatini, unasema wazi kwamba mtoto afundishwe kidogo kidogo kila muhula, jamii ihusishwe, na matokeo yapimwe.

Aliufuata kwa ule ukaidi wake tunaoujua sisi, na alipopima akaona ulevi na vita vinapungua mwaka mzima, halafu Januari vinarudi na wavulana waliotoka menjo, ile nyumba ya jando, ambako baadhi ya walimu wa jando waliwaonjesha chang'aa na kuwaambia kwamba mwanamume hatishwi na mwalimu mwanamke. Mwanamke hakanyagi menjo wala haulizi yanayofundishwa huko, na wazee walimwambia hivyo bila kumficha, naye hakubishana, alitafsiri mwongozo ule kwa Kikipsigis, akampa Benard aupeleke menjo, na walimu wa jando wakakubali kuufundisha mradi yeye asiulize kitu. Hakuuliza, na Januari iliyofuata shule ilifunguliwa kwa utulivu.

Februari mwaka huu ugali ulianza kumkwama kooni, akapatikana na saratani. Novemba ilipofika zamu ya Kiplimo kuingia menjo, tulitaka angoje mwaka mwingine akae na mamake, mimi nikipiga kelele kuliko wote, lakini dada alisema, kwa sauti ndogo aliyobaki nayo, kwamba akimzuia mtoto wake, hakuna mama mwingine atakayewaamini wale wanaume tena. Kiplimo aliingia tarehe 22 Novemba, na dada alituacha asubuhi ya tarehe 4 Desemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchumia chai tukiwa hospitalini, walimu wenzake, na hao walimu wa menjo, ambao walimpa Kiplimo habari hii kwa upole na hawajamwacha peke yake tangu siku hiyo, kwa kuwa mila haimruhusu kutoka hata leo, ndiyo maana hamwoni mkono wake kwenye udongo huu.

Dada, pumzika kwa amani, mtoto wako yuko na watu uliowaamini.