Mama Pindo na Bendera Isiyoshindana na Upepo

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Pindo anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya ushonaji ya kanisa letu kwa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili liko kwenye faili ofisini. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu hakuna vazi lililotoka mlangoni kabla hajaligeuza na kukagua pindo. Hata padri alisimamishwa mlangoni kanzu yake ikaguliwe.

Aliajiriwa kushona vifungo. Mwaka wa pili akakabidhiwa bendera kubwa ya maandamano, ile inayowatangulia waumini wote ikiwa imebebwa kwa miti miwili. Alitarizi malaika wawili kwa uzi wa dhahabu kwenye hariri nzito, kazi ya miezi mitano. Siku yenyewe, kwenye kona ya kuingia barabara kuu, upepo uliijaza. Wabebaji walipepesuka, mmoja akaanguka na kuteguka bega. Huyo alikuwa kaka yake Mama Pindo.

Hakuna aliyemkemea, lakini alikiri baadaye kwamba alilia wiki nzima. Alipomaliza kulia alishika mkasi. Alipasua vitundu vyembamba na kuvificha chini ya mikunjo ya kanzu za malaika, upepo upite na jicho lisione. Aliijaribu juu ya paa la karakana, huku wapita njia wakidhani anaanika mashuka.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kamati ilinunua bendera ya plastiki iliyochapwa kiwandani. Iling'aa kweli. Mama Pindo aliuliza swali moja tu: "Mmeipeleka kwenye upepo?" Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba mwaka huo apumzike. Hakununa. Aliipiga pasi bendera yake, akaikunja na kuiweka kwenye gari la kwaya.

Kwenye kona ile ile, bendera mpya ilivimba kama puto na kuwaburuta wabebaji hadi ukingoni mwa mtaro. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekimbilia gari la kwaya. "Mama, ile yako iko wapi?" Mama Pindo aliichomoa garini akamkabidhi. Na kaka yake, aliyekuwa ameapa kutoigusa tena miti ile, alitoka kwenye mstari akashika mti wa kulia. Walipita kona wima kabisa.

Leo anatuachia bendera kumi na moja na mafundi sita wanaoweza kufumua kazi ya wiki nzima bila kulalamika.

Miaka yote hiyo alitembea ubavuni mwa bendera, sindano ikiwa imechomekwa kolani, macho kwenye mishono. Hajawahi kuiona ikija kutoka mbele. Mwaka huu tumemwekea kiti kando ya barabara pamoja na wajukuu wake, naye amekubali kukaa, baada ya kubishana nasi siku tatu.

Mama Pindo, asante kwa kutufundisha kurudia kazi mpaka ikae sawa. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu wa mchana, na macho ya kutazama tu.