Nyati Mmoja wa Mang Dulo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Teodulo Magbanua anastaafu kazi ya kuchora na kuchonga sarafu za kumbukumbu katika kiwanda chetu. Jina hilo refu analijua mhasibu peke yake. Kwetu sote yeye ni Mang Dulo, yaani Mzee Dulo. Uongozi umeniomba nimuage kwa lugha ya staha na furaha, nami nimeahidi kujitahidi.

Alikuja kwetu kutoka mji wa Paete, alikokuwa akichonga watakatifu wa mbao, akiamini ameajiriwa kufanya sanaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ukweli wiki ile ya kwanza.

Ukweli ni kwamba hapa kwetu sarafu haichorwi na mchoraji, huchorwa na kamati. Mji ukitimiza karne, Mang Dulo hupeleka mchoro, kamati humpongeza kwa makofi, kisha huanza kuurekebisha. Sarafu ya ufunguzi wa daraja la Tigbao, fahari ya kiwanda hiki, ina sura za madiwani saba na haina daraja. Ile ya kuadhimisha hospitali ya wilaya ina mgeni rasmi, mke wa mgeni rasmi na kauli mbiu ya mgeni rasmi. Zote zimepangwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na wageni wakimuuliza Mang Dulo ipi kati ya hizo ni kazi yake, huinama na kuwaonyesha ukingo. "Hivi vidoti vya pembeni," husema. "Hivi ni vyangu."

Msimwonee huruma sana. Unyenyekevu hakujaliwa. Anaamini mkono wake hauna mfano Asia nzima, na husema hivyo kabla hajaulizwa. Feni ya ofisi humwelekea yeye tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, na sahani ya turon, ndizi za kukaanga za saa kumi, ikipita mezani kwake hurudi na majani ya mgomba tu. Lakini kwa miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa dhati: sarafu moja ndani ya kabati lile iliyotoka kama alivyoichora.

Nafasi ya mwisho ililetwa na mji wa Malabnig. Kule, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Isidori, wakulima huwaleta nyati wao wa kulimia mbele ya kanisa, na nyati hupiga magoti. Mang Dulo alichora nyati mmoja mbele ya mlango wa kanisa, miguu ya mbele imekunjwa, matope yamekauka magotini. Alikuwa nyati wa marehemu baba yake, na ukiutazama mchoro ule ulijua kwamba mtu amempenda yule mnyama.

Kamati ya Malabnig ilifika ikiongozwa na Meya mwenyewe.

"Mzuri mno, mzee wangu," alisema Meya. "Ila kanisa limekula nafasi yote. Mimi nitakaa wapi?"

Kanisa likatoka, Meya akaingia palepale lilipokuwa. Mkewe akaomba apunguzwe kidevu mumewe. Kisha kila mmoja akaukagua mchoro kwa makini, yaani Meya alikagua uso wake, mkewe kidevu, na katibu ukubwa wa jina lake. Mang Dulo alikagua magoti. Sisi wa idara tulikuwa tukiitazama sahani ya tambi za pansit iliyokuwa inapoa. Wote tukaridhika.

Sarafu ikazinduliwa uwanja wa kanisa, wiki moja kabla ya sikukuu. Padre Anselmo akavaa miwani, akaigeuza, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema. "Sikuwa na habari kwamba umeshatangazwa mtakatifu."

Uwanja mzima ulicheka. Mkulima mmoja akauliza kutoka nyuma, "Sasa mwaka huu nyati tuwalete hapa, Padre, au tuwapeleke nyumbani kwa Meya?" Meya, ambaye uchaguzi wake ni mwakani, aligundua ghafla kwamba hajawahi kupenda kuonekana kwenye sarafu.

Aliyeumia ni Mang Dulo. Tulimtania njia nzima ya kurudi kiwandani. Alikaa mezani na ile sarafu mkononi, turon ikampita haijaguswa. "Nimemfanya nyati wa baba yangu kuwa mpambe wa meya," alisema.

Jioni ile Meya alipiga simu. "Nitoeni. Mtoeni kila mtu. Nataka nyati na kanisa, basi." Muda wa kuitisha kamati haukuwepo, na huo ndio mchango mkubwa kuliko yote ambao kamati imewahi kuutoa kwa sanaa. Mchongo wa kwanza, wenye kanisa, ulikuwa bado rafuni. Sarafu ikapigwa kama ilivyochorwa.

Mkesha wa sikukuu tulikuwa Malabnig. Aling Pacing, mama mkulima, mkono mmoja umeshika kamba ya nyati wake, alinunua sarafu moja na kuitazama muda mrefu.

"Nani kamchonga huyu?"

"Kamati," Meya alidakia.

"Kamati gani, baba? Huyu kachongwa na mtu aliyewahi kumwogesha nyati."

Mang Dulo, mwenye uwezo wa kuusifu mkono wake kwa saa nzima bila kunywa maji, alifunika uso kwa kofia akalia, nasi tukalia naye, mkurugenzi akiwemo, ingawa yeye anasema lilikuwa vumbi.

Ahsante, Mang Dulo, kwa daraja lisiloonekana, kwa vidoti, na kwa nyati. Nenda na heri na afya tele. Na chochote utakachochora kuanzia Julai, usimwonyeshe mtu mpaka umekimaliza.