Sijagusa Kitu

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

MKWE: Shikamoo mama. Ni mimi, mkweo.

MAMA: Marahaba. Leo umekumbuka nina simu. Mwanangu hajambo?

MKWE: Hajambo, yuko maabara kwake, ng'ambo ya korido. Mama, nina shida ya kikazi. Ile seva uliyotufungia hapa hospitali haifanyi kazi.

MAMA: Halafu?

MKWE: Ndiyo hivyo. Haifanyi kazi.

MAMA: Wamekupa chumba cha mitambo na kiti cha kuzunguka, na taarifa yenyewe ndiyo hiyo? Mgonjwa akisema "naumwa" akanyamaza, mkeo atampima nini?

MKWE: Majibu ya damu hayatoki, mama. Korido imejaa watu. Mganga mkuu kasema ikifika saa sita bado, nikabidhi funguo niende nyumbani.

MAMA: Ana akili huyo. Nani haingii?

MKWE: Wote.

MAMA: Mapokezi?

MKWE: Mapokezi... wanaingia.

MAMA: Dirisha la dawa?

MKWE: Nao wanaingia.

MAMA: Hao "wote" wako ni akina nani?

MKWE: Maabara tu.

MAMA: Ungeanza hapo, saa hizi ningekuwa nimerudi kufua nguo zangu. Kioo cha kompyuta yao kimeandika nini?

MKWE: Ni kama vile imekata mawasi—

MAMA: Sijauliza kama vile. Nenda kasome neno kwa neno.

MKWE: Niende maabara? Sasa hivi?

MAMA: Kwani kuna simba?

MKWE: Kijana wao alinitumia picha. Ngoja... "Kompyuta hii imezuiwa. Imekosea kuingia mara nyingi mno."

MAMA: Basi seva ni nzima na waya ni mzima. Ukibisha hodi pakawa kimya, hamna mtu. Ukibisha ukafukuzwa, mwenyewe yumo ndani na amekuchoka. Maabara wamebisha na neno la siri lisilo lenyewe mpaka wakafungiwa. Nani kalibadilisha?

MKWE: Mimi sijagusa kitu.

MAMA: Kwa hiyo limebadilika lenyewe, likiwa limelala.

MKWE: Labda virusi—

MAMA: Virusi vinavyochagua chumba cha mkeo.

MKWE: [mkwaruzo] Mama, mtandao huku unakata—

MAMA: Haukati. Nakusikia hadi unavyomeza mate.

MKWE: Lakini la zamani nimesharudisha asubuhi na bado inaka—

MAMA: Umerudisha. Jana mlilala mmenuniana?

MKWE: Kidogo.

MAMA: Ukataka aje akuombe. Akaja?

MKWE: Hakuja. Anaandika majibu kwa mkono.

MAMA: Huyo nimemzaa mimi. Haya, bwana mkubwa, geukia seva. Tafuta orodha ya waliozuiwa, itoe kompyuta yao. Ni amri moja tu, na umekaa nayo asubuhi nzima.

MKWE: Natafuta... nimeiona. Naitoa... Imekubali. Mama, wameingia. Majibu yanatoka. Ahsante sana, Mungu akuba—

MAMA: Dua baadaye. Nipe taarifa upya, safari hii kama fundi.

MKWE: Si imeshapona?

MAMA: Imepona, na kesho utaniambia tena hujagusa kitu. Sema.

MKWE: Maabara peke yao walikataliwa kuingia tangu asubuhi. Jana jioni neno lao la siri lilibadilishwa—

MAMA: Lilibadilishwa na upepo?

MKWE: Nililibadilisha mimi. Kwa hasira. Wagonjwa wakasubiri kwa sababu yangu.

MAMA: Ona, hukufa. Na nani anakohoa hapo?

MKWE: Ni yeye, mwanao. Yuko mlangoni.

MAMA: Tangu lini?

MKWE: Sijui. Nilikuwa nimegeukia seva.

MAMA: Basi taarifa imefika inapotakiwa.

MKWE: Mama, usikate. Mama, tafadhali, salio bado ninalo—

MAMA: Salio lako limalizie kwa aliye mlangoni. Haya, nguo zinanisubiri.