Mwalimu Oswaldi na Mpira Uliokaa Kikapuni

Sumbawanga, 29 Novemba 1958

Leo Mwalimu Oswaldi anastaafu baada ya kufundisha katika shule yetu kwa miaka ishirini na miwili. Mimi, Dominika wa darasa la saba, nimepewa heshima ya kuandika habari zake ili zisomwe mbele ya wageni. Naahidi kusema yote bila kupunguza, maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba anayeficha nusu ya habari amefanya nusu ya kazi.

Mwalimu alijifunza mpira wa kikapu alipokuwa chuo cha ualimu. Huko alicheza mechi moja. Wachezaji wengi waliugua tumbo kwa maharage ya chuo, naye akaingizwa uwanjani, akafunga. Habari za bao hilo tumezisikia katika somo la hesabu, la jiografia na la dini. Mwaka juzi alipita hapa Bwana Flavian, aliyesoma naye, akatuambia kwamba bao lile lilifungwa kwenye kikapu cha upande wao wenyewe. Mwalimu hakukana. Alisema kikapu hakina kabila.

Alipokuja kwetu akaunda timu ya wavulana. Alisimamisha nguzo mbili za mkaratusi na kumwomba shangazi yake, Bi Marsiana, vikapu viwili. Alijua vizuri kwamba kikapu cha mchezo hutobolewa chini ili mpira upite. Akatoa kisu. Shangazi akamwona.

"Oswaldi! Kikapu cha ulezi, kizima, nimekisuka kwa mikono yangu, nawe unakitoboa kitako? Ndiyo elimu waliyokupa huko?"

Kisu kikarudi mfukoni. Mpaka leo vikapu vyetu vina vitako, na kila bao likiingia mchezo husimama mpaka mtu apande ngazi kuutoa mpira. Wageni hucheka. Lakini Mwalimu, ambaye amewahi kumjibu Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bila kutetemeka, hajathubutu kumjibu shangazi yake, nasi tunamheshimu kwa hilo.

Sifa yake kubwa ni kwamba timu yake haijafungwa hata mara moja. Huitangaza sifa hiyo kila siku ya wazazi, na ni kweli tupu. Kutoka Katandala hadi Kipili hakuna timu nyingine.

Mwezi wa Machi mwaka huu Bwana Shauri alitaka kuiona timu hiyo ikicheza. Timu isiyofungwa ikahitaji watu wa kufungwa. Ndipo tulipoitwa wasichana watano kutoka darasa la kusuka.

Bwana Shauri alihutubia juu ya faida za michezo mpaka mvua ikamkatiza. Kisha tukacheza kwenye matope, na mpira ukawa haudundi. Zenon, nahodha wa wavulana, alitukaribisha kwa maneno: "Dada zangu, nyinyi kazi yenu kubeba maji. Mpira si mtungi!"

Tulikuwa tumekaribia mwisho, hakuna aliyefunga, mwenzetu Adija binti wa Mzee Huseni alipoutupa mpira kwa mikono miwili kama anayepakia mzigo kwenye lori la baba yake. Ukaingia, ukatulia kikapuni.

"Umekwama tu huo!" alipiga kelele Zenon, akiwa amesimama chini yake.

"Maji hubebwa kichwani, kaka," alisema Adija. "Tazama kilicho juu ya kichwa chako."

Ngazi ikatafutwa, haikuwepo. Ilikuwa bomani, imeazimwa kutundika bendera za kumpokea mkubwa wa Jimbo, ambaye hata hakuja. Mwalimu aliutazama mpira, akawatazama wavulana wake, akapuliza filimbi na kusema mchezo utaendelea mpira utakaposhuka. Bwana Shauri akaenda kunywa chai. Ngazi iliporudi, Mwalimu alieleza kwamba mchezo usiomalizika ni mazoezi. Sifa ya timu ikasalimika.

Lakini nimeahidi kusema yote. Jumamosi iliyofuata alituita sisi watano, akamwambia Adija apinde magoti zaidi anapotupa mpira. Tangu hapo ametufundisha kila Jumamosi, wavulana wakiwa bustanini, na katika siku hizo zote hajatusimulia lile bao lake la chuo hata mara moja.

Sasa Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba kuanzia Januari, mpira wa shule, ambao ni mmoja, utakuwa wa timu iliyowahi kushinda mechi. Ikiwa hakuna iliyoshinda, utabaki kwa wavulana kwa mazoea, nasi tutarudi kusuka vikapu. Amesema atapokea neno la Mwalimu Oswaldi tu.

Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa filimbi, kwa magoti, na kwa Jumamosi zako. Huko Kipili unakohamia upate samaki wanono, usingizi mwema na majirani wenye subira ya kusikiliza habari za chuo. Shangazi tutamsalimia kila siku.

Hatutaki kukuaibisha mbele ya wageni, kwa hiyo usijibu leo. Lori la Mzee Huseni litakupeleka kesho na kurudi Jumanne. Mpe dereva neno moja tu atuletee: mpira ukiingia kikapuni na usishuke, umeingia au haukuingia?