Dada Sikio: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kusikiliza Matumbo

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa alasiri, Dada Sikio atavua koti lake la kijani na kulikabidhi stoo, baada ya kuitumikia hospitali hii ya wanyama kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliingia kama mfagiaji wa vizimba, akasomea uuguzi wa wanyama jioni baada ya kazi, na anaondoka akiwa muuguzi wa daraja la pili. Ni daraja lilelile alilokuwa nalo miaka kumi na minne iliyopita.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa lugha ya furaha, ikanipa na faili lake ili nisikosee tarehe. Nimelisoma lote. Lina vyeti vitatu, barua sita za pongezi na barua moja ya onyo. Onyo hilo linahusu kifo cha sungura mmoja, na ndilo lililomfungia mlango wa kupanda cheo. Lililoandikwa humo si kweli, na mtu pekee aliyelijua hilo miaka yote hii ni mimi, muuguzi mkuu wenu. Kwa hiyo kamati inisamehe. Furaha nitaileta kwa kadiri nitakavyoweza, lakini mama huyu hataondoka hapa na jina lililochafuka huku mimi nikiwa nimefunga mdomo.

Nianze na hilo jina la Sikio, maana wageni huuliza. Alibatizwa na wadada wa mapokezi. Sungura akiletwa, kabla ya kupima joto, kabla hata ya kumsalimia mwenye mnyama vizuri, Dada Sikio humviringisha kwenye taulo, huinama na kumwekea sikio ubavuni. Chombo cha kusikilizia kinaning'inia shingoni mwake siku zote, ila husema kile ni cha madaktari, yeye kinampigia kelele tu. Tumbo la sungura mzima lina sauti ndogondogo, kama sufuria inayoanza kuchemka chumba cha pili. Likinyamaza, Dada Sikio hubadilika sura, na hapo wote tunajua siku imeharibika.

Sungura hawezi kutapika wala kucheua. Gesi ikijaa tumboni, ina njia moja tu ya kutokea, na utumbo ukisimama njia hiyo imefungwa. Tena ni mnyama anayeficha maumivu mpaka mwisho. Ukimwona amejikunyata pembeni anasaga meno, ujue ameshateseka muda mrefu. Ndiyo maana Dada Sikio hakuwahi kumuuliza mtu kama sungura wake anakula. Alisema kila mtu hujibu kwamba anakula, hata mwenye maiti. Yeye aliuliza amekunya lini, punje ngapi, na za ukubwa gani, kwa sauti ya kusikika hadi nje kwenye benchi.

Kuna karani mmoja wa mahakama aliyekuja na suti yake, akatoa bahasha ya kaki mfukoni na kuiweka mezani kwa adabu zote. Alisema amehesabu mwenyewe, punje ishirini na sita. Dada Sikio akazimwaga kwenye sinia, akazihesabu mbele yake moja baada ya nyingine, kisha akamwambia ni ishirini na nne, hizo mbili nyingine ni mbegu za papai, na sasa tumeshajua nani anamjazia mnyama gesi. Karani aliondoka na dawa, na karipio ambalo nadhani hakimu wake hajawahi kumpa.

Matibabu yake yalikuwa na mpangilio wake, na ole wako uuvuruge. Kwanza dawa ya maumivu, kwa sababu sungura mwenye maumivu hali, na asiyekula anazidi kuvimba. Halafu joto, kitambaa kilichochovywa maji moto na kukamuliwa. Halafu maji mwilini. Halafu dawa ya kuvunja gesi, matone machache kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo. Tumbo alilisugua kwa vidole viwili, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma, huku akimsimanga mgonjwa kwa uvivu wake. Tumbo likiwa gumu kama ngoma, hakuruhusu mtu amlishe kwa nguvu mpaka picha ipigwe. Wengi walipona. Niliona wanaume wazima wakilia kwenye korido kwa sababu ya punje tatu za choo.

Sasa nije kwenye barua.

Mtaa wa nyuma yetu anakaa mama mmoja fundi cherehani, mjane. Alikuwa na sungura wa kijivu aliyeletwa nyumbani na marehemu mumewe mwaka ule alioanza kuugua. Alimwita Mjomba, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumkazia macho kila mgeni kama mjomba anayekagua mchumba. Mjomba alilala chini ya cherehani, na mama yule alituambia kwamba tangu afiwe, kiumbe pekee kinachomsubiri ndani ni hicho. Alimleta kukatwa meno ya nyuma yaliyorefuka. Ilikuwa alazwe siku moja, asubuhi ya pili apewe dawa ya usingizi, akatwe, arudi kwao.

Ni miaka kumi na minne sasa, na mimi nilikuwa na wiki ya tatu hapa, kwa majaribio. Nilitoka kwenye zahanati ya mbwa na paka tu, na huko mnyama wa upasuaji hali chochote kabla, asije akatapika usingizini na kupaliwa. Saa nne asubuhi nilimpokea Mjomba, nikaona jina lake kwenye orodha ya kesho, nikachukua kadi nyekundu iliyoandikwa ASILE nikaitundika kwenye kizimba chake. Nikatoa na nyasi kavu zote. Hakuna aliyeniagiza. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Sungura hutakiwa kula mpaka karibu na saa ya kisu, maana tumbo lake likikaa tupu linasimama, na mimi hilo sikuwa nalijua.

Kadi zilikuwa kazi ya Dada Sikio. Kila siku saa kumi na mbili jioni alipita vizimba vyote kuzitundika. Jioni ile aliletwa mbwa aliyegongwa na gari, damu mpaka mlangoni, na Dada Sikio akapita na kadi zake mbio mbio, kichwa kiko kwa mbwa, asiione ile iliyokuwa tayari kwa Mjomba. Wa zamu ya usiku akaiona kadi kwa Mjomba, akaiheshimu.

Saa moja asubuhi Dada Sikio ndiye aliyemkuta. Mjomba alikuwa amejikunja kwenye kona, masikio yamelala, anasaga meno. Tumbo limekaza. Dada Sikio aliweka sikio, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akainua macho akaiona kadi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Daktari alipofika aliuliza sungura hajala tangu lini, na Dada Sikio akajibu, "Tangu jana saa kumi na mbili jioni. Kadi nimeitundika mimi, sijui nilikuwa nawaza nini."

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimeshika taulo. Nilijua ni tangu saa nne asubuhi. Nikafikiria majaribio yangu, nikafikiria kurudi nyumbani wiki ya tatu tu kwa kuua mnyama wa watu, nikalikunja lile taulo na kuliweka juu ya meza.

Daktari alihesabu saa kumi na tatu, akatibu saa kumi na tatu. Maji kidogo chini ya ngozi, sindano ya maumivu, dawa ya gesi, dawa ya kusukuma utumbo, na uji wa nyasi kwa bomba mdomoni. Mchana Mjomba alitoa punje moja, ndogo, kavu kama changarawe, tukafurahi kama wajinga. Saa tisa alasiri akalala ubavu. Alifia mapajani mwa Dada Sikio, na daktari aliposema basi, yeye aliendelea kumsikiliza.

Alimwosha, akamfunga kitambaa safi, akaenda naye kwa miguu mpaka kwa fundi. Hakutaka kusindikizwa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alimwambia mama wa watu pale mlangoni, bila kuzunguka, kwamba yeye ndiye aliyemuua. Fundi aliuliza kama Mjomba aliumia. Dada Sikio akasema ndiyo, aliumia sana. Fundi alimpokea mnyama wake, akafunga mlango, na cherehani haikusikika mtaani wiki nzima.

Barua ya onyo ilitoka siku ya nne, na Dada Sikio aliisaini bila kujitetea. Kisha akaanzisha lile daftari la matumbo mnalolijua, ambamo kila sungura anaandikiwa saa aliyokula mwisho na saa aliyokunya mwisho. Katika daftari hilo kuna sungura mia mbili na kumi na wawili, na mia moja themanini walirudi kwao wakiwa hai. Tangu siku ile hakutundika kadi tena bila kutaja kwa sauti jina la mnyama, saa, na jina lake mwenyewe, hata akiwa peke yake chumbani. Tulikuwa tunamwigiza wakati wa chai, na wote tunacheka. Na mimi nilicheka.

Miaka minane iliyopita ilitafutwa nafasi ya muuguzi mkuu. Hakuna aliyekuwa na shaka ni ya nani, mpaka uongozi ulipofungua faili. Nafasi nikapewa mimi. Yeye ndiye aliyenizungusha siku ya kwanza kunionyesha funguo zipi ni za wapi, na kunionya kwamba kabati la dawa za usingizi linakwama, lisukumwe kwa goti. Nililisukuma kwa goti miaka minane.

Wiki iliyopita, baada ya kusoma faili, nilimfuata chumba cha kufulia. Alikuwa anakunja taulo. Nikamwambia yote, kadi, nyasi nilizozitoa, nilivyonyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kofi ningelipokea. Yeye aliendelea kukunja. Akamaliza taulo la mkononi, akaniuliza kitu kimoja tu, kadi niliitundika saa ngapi. Nikamwambia saa nne asubuhi.

Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akahesabu tena. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ishirini na moja," alisema. "Tumbo lilikuwa limeshakauka. Ningejua, nisingekubali apewe uji wala ile dawa ya kusukuma. Ningemwekea dripu ya mshipa mpaka mchana, ndipo mengine yafuate." Akavitazama vile vidole alivyohesabia. "Angepona yule."

Miaka kumi na minne nilidhani nimemtendea uovu Dada Sikio, na ni kweli nimemtendea. Nilikwenda pale kumrudishia jina lake, na jina hakulitaja hata mara moja. Yeye alikuwa bado yuko kwenye asubuhi ile, anamtibu Mjomba upya. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, dripu ilikuwa inaning'inia ukutani. Kilichokosekana ni saa nane nilizozikalia mimi nikiwa nimeshika taulo. Kadi ilikuwa kosa la mgeni. Kile kimya changu sina jina la kukipa.

Nilipoanza kumwomba msamaha alinikata. Alisema yeye hana kazi nao, niupeleke unakohusika. Alisema yeye alimdanganya yule mama pale mlangoni bila kujua, na sasa uongo huo ni wangu, nikaufute. Akaniagiza pia nifungue jalada la zamani la Mjomba na kurekebisha saa, ili atakayejifunza kutokana nalo ajifunze kitu cha kweli. Kisha akanipa nusu ya taulo nikunje.

Saa nimeirekebisha, na nimesaini. Uongozi umepokea maelezo yangu na barua ya onyo imetolewa kwenye faili. Cheo hakiwezi kurudi, kwa kuwa zimebaki siku tisa. Yatakayonipata mimi yako mikononi mwao, na sitayalalamikia.

Dada, kwa niaba ya wote unaowaacha hapa, wa miguu miwili na wa miguu minne, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Asante kwa kila tumbo ulilolisikiliza. Tunakuombea afya njema na asubuhi za kuamka utakapo, katika nyumba isiyo na mtu wa kuuguzwa. Wenzangu watakaokuwa ukumbini watakupigia makofi, nawe uyapokee yote, ni yako. Kiti changu kitakuwa kitupu. Saa hiyo nitakuwa mtaa wa nyuma, mlangoni kwa fundi cherehani, namwambia kwamba Mjomba angepona.