Bi Hafu Yuko Kila Ofisi

Asubuhi ile Soli, fundi viatu, hakugusa sindano. Alikaa kwenye benchi la kijiweni, mkono mmoja kikombe cha kahawa, mkono mwingine kadi ya harusi. Binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne, anaolewa Jumamosi, na upande wa bwana harusi wamechapisha ratiba kwa Kiingereza. Kwenye mstari wake wa hotuba, Soli alilitambua neno la baba mdogo, akalitambua la baba mzazi. Katikati yake yalikaa maneno matatu yaliyomkosesha raha: "on behalf of".

— Hafu ni nusu, alisema Breki, fundi baiskeli. Kama hafu taimu. Hapo wamekuita nusu baba.

— Nusu? Surua ya binti niliiuguza nusu?

— Mimi nakusomea tu. Na wewe tayari ni baba mdogo. Ukikatwa nusu, unabaki baba kiduchu.

Kamusi, tarishi mstaafu aliyebeba mafaili miaka thelathini bila kufungua hata moja, alikohoa kwanza.

— Usimpotoshe mwenzio. Nusu ni ya hotuba. Yeye anasema "mabibi", anakaa. "Na mabwana" wanamalizia wakwe.

Soli akazidi kunywea.

— Ngoja, alisema Breki. Barua iliyoniachisha kazi kiwandani ilikuwa na maneno hayohayo, juu ya saini. Meneja hakusaini.

— Alisaini nani? aliuliza Soli.

— Si huyo hapo. Bi Hafu.

Kamusi akaweka kikombe chini.

— Bi Hafu. Miaka yote ile namsikia akitajwa, kila ofisi yupo. Kumbe mwanamama.

— Tena mkubwa kuliko mameneja.

— Basi hotuba ni yake, Soli. Wewe unamshikia kipaza sauti.

Soli akaifunika kadi pajani. Koti la hotuba alishalipiga pasi mara mbili.

Hapo akafika muuguzi wa zahanati ya jirani, kiatu chake mkononi, kisigino kimeng'oka. Alipoelezwa, akaisoma kadi, akacheka mpaka akashikilia benchi.

— Maana yake ni "kwa niaba ya". Unasimama mahali pa baba yake, unasema ambayo angesema mwenyewe.

— Hotuba nzima? aliuliza Soli.

— Nzima.

Soli akashusha pumzi ndefu.

— Sasa kaka yako, muuguzi akauliza, angemwambia nini bintiye?

Breki akageukia gurudumu lake, akazikagua spoku. Kamusi akachungulia ndani ya kikombe. Soli akaipangusa kadi kwa kiganja.

— Marehemu hakuwa mtu wa maneno, alisema Soli. Akifurahi alikuwa anapiga mluzi tu.

Hakuna aliyecheka.

— Basi piga kwa niaba yake, alisema Kamusi. Tukusikie.

Soli akalamba midomo.